Dada wa Amiga, Mdogo Wake wa Atari

Albuquerque, 14 Novemba 1993

Dada Aili,

Habari za baridi ya huko Kanada? Mimi mzima. Huku New Mexico jua linawaka mchana kana kwamba halijaambiwa ni Novemba, na mgongo wangu unashukuru. Msalimie sana shemeji Urho. Mwambie vile viatu vya theluji alivyoniazima bado ninavyo, ninachokosa ni theluji.

Jarida la klabu yenu ya kompyuta za Amiga limenifikia. Sijui nani alimpa karani wa klabu anwani yangu, ila kwa kuwa karani ni wewe, mshukiwa namjua. Nimesoma ukurasa wa nne: "Kuwa na kompyuta ya Atari ni kama kuendesha baiskeli ya mazoezi. Unatoka jasho, huendi popote." Dada! Mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mbili, unakaa kitako kutunga maneno ya namna hiyo! Nilicheka mpaka paka akahama chumba.

Sasa na mimi nikujibu. Tangu mwaka themanini na tano nyinyi watu wa Amiga mnakusanyika kutazama ule mpira mwekundu na mweupe ukidunda kwenye skrini. Bado unadunda? Wenzenu wa Atari huku tunafanya kazi. Tunaandika muziki.

Na kweli nimeanza kuandika tena. Ni walzi, muziki wa mapigo matatu matatu, wa watu kucheza wawili wawili. Sauti tatu tu, maana spika ya mashine yangu haitoi zaidi ya hizo kwa pamoja. Diski niliyoiweka humu kwenye bahasha ina mwanzo wake. Najua mashine yako haitaufungua, lakini uiweke.

Tangu mazishi ya mama tumekuwa ndugu wa kadi za Krismasi. Basi jarida lako nimelihesabu kuwa barua, na hii ndiyo jibu lake. Usinipigie simu. Laini yangu siku hizi ina kelele, maneno hayashikiki.

Mdogo wako,
Reino


Thunder Bay, 2 Desemba 1993

Mdogo wangu Reino,

Barua yako ilifika Jumatatu pamoja na theluji ya kwanza ya maana. Sisi wazima. Urho nyonga yake ya kushoto inamsumbua, anapanda ngazi kama mtu aliyebeba kabati, lakini ukimuuliza anasema ngazi ndizo zimeongezeka. Nimeoka mikate ya iliki nikaukumbuka mdomo wako.

Kwanza tumalize vita. Huo mpira unadunda, ndiyo, na unadunda vizuri kuliko chochote kilichowahi kutokea kwenye skrini yako. Pili, wiki iliyopita nimetengeneza maandishi ya kupita kwenye televisheni ya mtaa kwa ajili ya mashindano ya hoki, rangi elfu nne, majina ya wachezaji yanaingia yakizunguka. Gordon, mwenyekiti wetu, alisimama akapiga makofi. Baiskeli yako ya mazoezi inaweza hayo?

Diski nimeiweka. Programu ya kusomea diski zenu naijua, lakini hata ikiisoma, muziki wenyewe haufunguki bila programu yenu. Ungeniandikia nota kwenye karatasi kama watu wa zamani.

Sasa hili la simu. Tarehe ishirini na tatu ilikuwa siku yako ya kuzaliwa. Nilipiga. Iliita mara kumi na moja. Nikapiga tena mchana, ukapokea, ukasema "Halo, halo," nami nikakuimbia wimbo mzima wa kukupongeza, ukasema "Hapana, asante, sihitaji," ukakata. Urho alicheka sana. Mimi sikucheka. Kama bado una hasira nami sema. Mimi nami yapo maneno mawili uliyowahi kuniambia kwenye simu ambayo sijayasahau, ila si ya barua hii.

Kula vizuri. Najua hupiki.

Dada yako,
Aili


Albuquerque, 9 Januari 1994

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote wawili. Nyonga ya shemeji ipelekwe kwa daktari, isingoje ngazi zipungue. Mimi napika sana tu. Jana nilipika maharage na pilipili za kijani za huku, nikalia kama mtoto, nikala yote.

Siku ile ya simu nilidhani ni wauza bima. Nisamehe. Laini ni mbovu, nimekwambia.

Kuhusu walzi. Nitakwambia sasa ni ya nini. Kuna mwanamke anaitwa Consuelo Baca, anapiga zeze kubwa lile la kusimama nalo, na ana bendi ya watu saba. Agosti chama chao cha dansi kinatimiza miaka arobaini, na amenitaka niwatungie kitu cha kufungua ukumbi. Aliniuliza, "Wewe Mfini, kwenu watu wanacheza nini?" Nikamwambia kwetu watu wanacheza walzi za kuhuzunisha huku wamefurahi. Akasema hiyo hiyo ndiyo anayoitaka.

Nikakumbuka ule wimbo mama aliokuwa akiuimba kwa kuguna akiosha vyombo. Unaukumbuka? Hauna maneno. Sehemu ya kwanza ninayo yote. Ya pili imenipotea njiani. Ulikuwa unapanda au unashuka pale alipokuwa akifika kwenye sufuria?

Naweka diski ya pili. Iweke na mwenzake.

Reino


Thunder Bay, 20 Februari 1994

Mdogo wangu,

Usione nimechelewa. Urho ameambiwa nyonga itabadilishwa, wanatupa tarehe baadaye. Ziwa limeganda hadi mbali, malori madogo ya wavuvi yanapita juu yake kama barabara. Klabu inaendelea. Tumepata wanachama wapya wawili na tumempoteza mmoja aliyehamia kwenye hizi kompyuta za ofisini za kijivu. Hatumtaji.

Wimbo naukumbuka. Ulikuwa unashuka. Sehemu ya kwanza inapanda, kama ulivyoiandika, inapumzika pale juu mara mbili, kisha ya pili inashuka taratibu, hatua kwa hatua, na mwisho anaugusa tena mwanzo lakini haumalizi. Alikuwa hamalizi kwa sababu vyombo vilikuwa vimekwisha. Nimekuandikia herufi za nota nyuma ya karatasi hii.

Pale kwenye mstari wako wa tisa umeliweka lile pumziko refu kidogo kuliko la mama. Liache. Ni zuri.

Nakuuliza jambo dogo tu, kwa udadisi: mashine yako ukiiwasha, ile rangi ya kijani kama meza ya kuchezea biliadi huwa inakaa hivyo siku zote, au inabadilishwa?

Aili


Albuquerque, 20 Machi 1994

Dada,

Wewe mwanamke umeona wapi kijani changu? Na mstari wa tisa umeujuaje, hali karatasi sikukutumia? Naogopa kuuliza zaidi nisije nikakufukuzisha ukarani.

(Inabadilishwa. Ukiwa mvumilivu.)

Nota zako zimenifanya niinuke kwenye kiti. Ulikuwa unashuka, kumbe! Niliandika sehemu ya pili yote kwa siku tatu, sauti zote tatu, nikasahau kumlisha paka. Imekamilika. Hii hapa, kwenye diski ya tatu. Mwanzoni mwa Agosti nachapa karatasi za kila mpigaji na kuwakabidhi bendi.

Consuelo alikuja kuniletea tamale, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda. Aligonga mlango, anasema, kwa robo saa. Nilikuwa nimezama kazini.

Msalimie shemeji. Mwambie nyonga mpya ataipenda, na asidai irudishwe ya zamani.

Reino


Thunder Bay, 3 Mei 1994

Reino,

Salamu. Urho mzima, tarehe yake ya kupasuliwa nyonga ni ishirini na tatu Agosti. Barafu imevunjika ziwani, ukifungua dirisha unaisikia.

Utakuwa umeshasikia. Ijumaa iliyopita Commodore, wanaotutengenezea Amiga, wametangaza kwamba wanafunga. Basi. Si kuuzwa, si kupunguza watu. Kufunga.

Tulikutana Jumapili kwenye chumba cha chini cha maktaba. Walikuja watu thelathini na wanne, hata wale wa kuja mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyewasha mashine. Gordon alisimama akasema, "Jamani, mashine zetu hazijafa. Aliyekufa ni mzazi." Mzee mmoja akauliza, "Na kibodi yangu ikiharibika?" Kisha mwenzetu mmoja, fundi bomba Pelletier, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anakwenda kununua kompyuta kama za watu wengine wote, ana hesabu za kazi za kufanya. Walimwangalia kana kwamba amevua nguo kanisani. Mimi nilimwonea huruma. Niliandika kwenye kumbukumbu za kikao, "Bwana Pelletier aliaga." Sikuandika zaidi.

Najua ni chuma na plastiki. Usinicheke, au cheka, una haki, nimekucheka miaka mitano. Lakini mwaka ule niliostaafu, niliacha kazi mwezi wa sita na mwezi wa saba nikainunua Amiga. Nilidhani mimi nimekwisha. Kumbe watoto wa darasa langu la zamani walikuwa wanakuja jikoni kwangu kujifunza kuchora, na vijana wa televisheni wananiita kwa jina langu la kwanza. Kitu kile kilinipa marafiki wakati niliodhani nafasi za marafiki zimejaa.

Kuna jambo jingine, kuhusu diski yako ya tatu, lakini si leo.

Aili


Albuquerque, 12 Mei 1994

Dada yangu,

Pole. Nasema pole ya kweli, kama ya msiba.

Niliisoma gazetini nikiwa nakunywa kahawa. Nilikuwa na maneno tayari, ujue. Nilikuwa nimeyaweka akiba miaka yote hii kwa siku kama hiyo. Yote yakayeyuka. Nilichokiona ni wewe umeketi jikoni na miwani yako kichwani ukiitafuta.

Na mimi nina kitu nilikuficha kwa aibu. Watu wa Atari nao wameshaacha kutengeneza kompyuta, tangu mwaka jana. Siku hizi ni mashine za michezo tu. Nilijua nilipokuandikia ile barua ya kwanza kwa kiburi, "wenzenu huku tunafanya kazi." Nilikuwa kama mtu anayejisifia nyumba yake hali paa limeshaondoka. Basi tumefanana. Mimi na wewe ni mashabiki wa timu mbili zilizoshuka daraja msimu mmoja.

Mwambie Gordon kwamba mtu wa Atari anawapa pole. Kama atakataa kuipokea, aiweke.

Jambo la diski ya tatu ni lipi? Niambie tu.

Reino


Thunder Bay, 26 Mei 1994

Mdogo wangu mpendwa,

Gordon ameipokea. Alisoma pole yako kikaoni kwa sauti, kisha akapenga kamasi.

Sasa nikae chini nikuambie ukweli. Nimeanza barua hii mara nne.

Januari nilinunua Atari. Ndiyo. Mimi, karani. Kulikuwa na tangazo gazetini, daktari wa meno anasafisha chumba chake cha chini. Akaniuliza, "Ni ya mjukuu wako?" Nikamwambia ni ya kumsikilizia mdogo wangu. Akasema, "Kwani hana simu?" Nikasema anayo, tatizo hapokei. Niliifunga kwa blanketi, na Mungu alivyo, wakati naishusha garini Gordon akawa anapita. "Aili, umenunua mtoto wa nguruwe?" Nikasema ndiyo. Nimeiweka kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, bafu letu la mvuke, na kila nikiiwasha Urho anakuja na kiti chake. Klabu nzima inajua sisi akina Lehtinen tunafuga nguruwe.

Diski zako zote tatu nimezisikiliza. Sehemu ya kwanza, Reino, nililia. Spika ile inatoa sauti kama nyuki ndani ya kopo, na bado mama alikuwa pale anaosha vyombo.

Lakini kuanzia mstari wa kumi na saba, pale unaposhuka, sauti ya pili imekosea. Iko nusu sauti chini ya inapotakiwa, kila inapopita kwenye ile nota, hadi mwisho. Nadhani ni alama moja ya kupandisha iliyosahaulika mwanzoni mwa mstari, na kosa likaenda nalo hadi chini. Nilidhani mashine imeharibika. Nilifurahi hata, nikasema si unaona, Atari! Nikaijaribu kwa diski nyingine, nzima. Urho, ambaye hajui kuimba hata wimbo wa taifa, alikunja uso akasema, "Hapo pana kitu kinauma."

Nimekaa na jambo hili miezi miwili. Nilijua nikikuambia, najitangaza mimi na Atari yangu. Hilo nimeona ni dogo. Nililoogopa ni jingine. Wewe ndiye uliyekuwa na miaka tisa ukamwambia mchungaji mbele ya watu kwamba kinanda chake kimeshuka sauti, na fundi alipokuja kikawa kimeshuka kweli. Kosa hili ungelisikia ukiwa barabarani na dirisha limefungwa.

Sikuulizi kitu. Nakuambia tu nilichokisikia, kwa sababu Agosti itachezwa mbele ya watu.

Dada yako anayekupenda,
Aili


Thunder Bay, 4 Julai 1994

Reino,

Sijapata neno lako. Wiki tano na siku nne. Kama nimekuumiza, niumize nawe, lakini andika. Usiponiandikia hadi mwisho wa mwezi huu nakuja mwenyewe, na Urho nitamwacha na majirani.

Aili


Albuquerque, 11 Julai 1994

Dada,

Usije, usimwache shemeji. Mimi mzima, paka mzima. Nilipokea barua yako tarehe tatu Juni. Niliifungua mashine, nikatazama mstari wa kumi na saba, na alama haipo. Ni kweli. Nikaizima, sikuiwasha tena kwa wiki tatu.

Sisikii, Aili.

Si kwamba laini ni mbovu. Laini ni nzima kabisa. Ilianza na sauti za juu, ndege, kengele ya mlango, kisha maneno ya watu yakawa kama yanatoka chini ya maji. Nimepewa kifaa cha kuweka sikioni. Kinanisaidia kujua kwamba mtu anaongea. Muziki kinaufanya kama bati linaloburutwa. Walzi ile nimeiandika yote kwa macho, nazitazama nota kwenye skrini na kuzisikia kichwani zilivyokuwa zinalia zamani. Ndiyo maana naipenda Atari hii kwa ujinga ule unaoujua. Si kwa sababu ni bora. Imenivumilia. Watu wakigundua husikii wanaanza kukupigia kelele, au wanaacha kuongea nawe. Ile inaniandikia tu.

Consuelo nilimficha. Nilisema nimezama kazini. Tangu uliponiandikia nimemwambia. Alichukua kalamu akaandika, "Nilijua tangu ile siku ya tamale. Nilikuwa nakungoja."

Sasa lile kubwa. Februari themanini na tisa ulinipigia kuhusu mama. Nilikuwa nimeshaanza kutosikia, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilishika neno "mama" na neno "Jumapili". Nilidhani unaniambia mama anatoka hospitali Jumapili. Nilisema, "Vizuri sana." Ukakata simu. Nikadhani una haraka. Nikaenda dukani kununua kadi ya kumpongeza.

Jumanne ikaja telegramu ya Urho, kwamba mama amefariki.

Nilipofika, kwenye chakula cha mazishi, hukunitazama. Nikaanza kuongea habari za kompyuta yangu kwa sababu sikujua nianzie wapi, ukasema ile mashine haina roho kama mwenyewe. Nikajibu. Ukajibu. Watu walidhani tunagombana kwa ajili ya kompyuta. Tangu siku hiyo tumegombana kwa ajili ya kompyuta.

Najua maneno mawili unayoyasema ni yapi. Ningekuambia miaka mitano iliyopita, lakini niliona afadhali unidhanie mkatili kuliko unijue mpigaji muziki asiyesikia. Fikiria ujinga huo.

Reino


Thunder Bay, 18 Julai 1994

Reino wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi na hii inaondoka leo jioni, kwa hiyo itakuwa na makosa. Urho yuko hapa, anakusalimu, anasema niandike kwamba analia, basi nimeandika.

"Vizuri sana." Nimeyabeba maneno hayo miaka mitano na nusu. Nilikuambia, "Mama hafiki Jumapili." Ukasema vizuri sana. Nilikaa sakafuni kwenye korido ya hospitali na simu mkononi. Niliwaza, huyu si mdogo wangu, mdogo wangu wamembadilisha huko kwenye jua. Sikumwambia mtu yeyote, hata Urho, kwa kukuonea aibu. Na ningekuuliza swali moja tu, "Ulimaanisha nini?", yote yangekwisha siku hiyo. Mwalimu wa miaka thelathini na nne, kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo nikashindwa. Nikaandika kwenye jarida badala yake.

Nisamehe kwa kila ukurasa wa nne.

Alikuuliza, ujue. Jumamosi. Aliuliza, "Reino yuko kwenye gari moshi?" Nikamwambia yuko njiani. Nilisema uongo kwa ajili yako wakati nimekukasirikia kiasi hicho, kwa hiyo nadhani moyo wangu ulijua kitu. Alilala vizuri.

Kazi sasa. Diski iliyomo humu nimeirekebisha mimi mwenyewe kwenye hii Atari yangu. Mstari wa kumi na saba umewekewa alama yake. Mstari wa ishirini na sita, sauti ya tatu inagongana na ya kwanza kidogo, sijui kama umekusudia, sikuigusa, niandikie. Kipanya chake bado ni kama kipande cha sabuni, na hilo nitalisema hadi nife.

Siwezi kuja Agosti. Urho anapasuliwa siku tatu baada ya dansi na kabla yake kuna vipimo. Nimelia kwa hilo pia, leo ni siku ya kulia. Lakini kila unachoandika, kuanzia sasa, nitumie kabla hujampa mtu mwingine yeyote. Nitakisikiliza mara tatu: mara moja mimi, mara moja na Urho, na mara moja mlango ukiwa wazi.

Na klabuni nimesema. Nilisimama nikasema, "Nguruwe ni Atari." Gordon akauliza kama inaweza kuja kikaoni siku moja, waitazame tu.

Dada yako,
Aili


Albuquerque, 22 Agosti 1994

Dada yangu Aili,

Barua hii itamkuta shemeji ameshapasuliwa. Nimemwombea. Mwambie nyonga mpya isikimbizwe, ifundishwe kwanza. Huku wameanza kuchoma pilipili mitaani, mji mzima unanukia moshi wake, na mimi hicho bado nakipata chote.

Jumamosi walzi ilichezwa.

Mstari wa ishirini na sita nilikusudia, lakini niliutazama tena nikaona umesema kweli, nikaubadilisha. Bendi walipewa karatasi wiki mbili kabla. Hakuna aliyenijia kuuliza kitu. Consuelo aliandika, "Wanaipenda. Mpiga tarumbeta anaiguna msalani."

Ukumbi ulijaa. Wazee wa huku wanavaa vizuri, dada, ungependa, mashati ya vifungo vya lulu na viatu vya kung'aa. Consuelo aliniweka karibu yake, akanishika mkono akaubandika kwenye ubavu wa lile zeze lake kubwa. Alipoanza niliupata mpigo kwenye kiganja, mmoja mzito na miwili myepesi. Kifaa cha sikioni nilikuwa nimekiacha nyumbani makusudi.

Nilitazama watu. Walisimama kidogo, kama watu wanaojaribu maji kwa kidole, kisha mzee mmoja na mkewe wakaingia, na baada yao wengine. Nilikuwa nahesabu mistari. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Ulipofika wa kumi na saba niliwatazama nyuso zao wote, Aili, mmoja mmoja, nikitafuta atakayekunja uso. Hakuna. Yule mzee aliinamisha kichwa akakiegemeza kwenye nywele za mkewe, wakashuka na wimbo, taratibu, hatua kwa hatua, kama ulivyoniandikia. Nilitazama hivyo hadi mwisho. Sikufaidi hata nota moja, kazi yangu ilikuwa ulinzi.

Makofi niliyaona. Consuelo akaniandikia mgongoni mwa karatasi ya nota: "Wanataka irudiwe."

Nikamwambia arudie.

Mara ya pili nilifumba macho.

Mdogo wako,
Reino